Kifurushi si Kipimo: Historia Fupi ya Maneno ya Simu na Data, kwa Mfano wa Morogoro

Utangulizi

Neno jipya linapoletwa mbele ya wataalamu wa istilahi, swali la kwanza linaloulizwa mara nyingi ni kama neno hilo ni letu au ni la kukopa. Swali hilo ni la haki, lakini si la pekee. Na katika mambo ya biashara si kubwa kuliko yote. Lipo swali la pili, nalo ni hili: je, neno hilo linamweleza mnunuzi kile anachokilipia?

Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa njia ya historia, maneno machache anayokutana nayo mtu anayetaka kununua data kwa ajili ya kishikwambi chake. Mfano wetu ni mji wa Morogoro na Milima ya Uluguru inayouzunguka upande wa kusini. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa kwa walimu wa shule za serikali nchini. Kwa sababu hiyo chombo ambacho zamani kilikuwa cha watu wachache wa mijini kimekuwa chombo cha kazi hata kwa mwalimu wa milimani, naye hana budi kujua namna ya kukilisha data bila kumaliza mshahara wake. Pili, wakulima wa Uluguru wana uzoefu wa miaka mingi wa neno linalojifanya kipimo ilhali si kipimo. Tutaanza na neno hilo, kwa kuwa litatusaidia kuyapima mengine.

1. Gunia la Mgeta

Tarafa ya Mgeta, iliyoko magharibi mwa Uluguru, inajulikana kwa mboga zake: kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na kadhalika. Mazao hayo huteremshwa hadi Morogoro mjini na kupelekwa Dar es Salaam. Katika biashara hiyo bei hutajwa kwa gunia. Lakini gunia ni chombo, wala halina uzito wake maalumu. Likijaa hadi mdomoni, mnunuzi anaweza kulitaka lishonewe kipande kingine juu, kikajazwa nacho, na mzigo wote ukahesabiwa kuwa gunia moja. Mzigo wa namna hiyo huitwa lumbesa. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, na ziada yote huwa faida ya mwingine. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa kutumia Sheria ya Vipimo, na shabaha yake imekuwa moja: mizani itumike.

Wahenga wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Kiswahili cha pwani kilikuwa na kibaba na pishi, na kila mtu alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ina nguvu kwa sababu msikilizaji anakijua kibaba na anajua kinajaa lini. Kwa hiyo katika lugha yetu ipo tofauti ya zamani kati ya jina la chombo cha kubebea, kama vile gunia, kapu au furushi, na jina la kipimo, kama vile kibaba, pishi au frasila. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yetu.

2. Simu: waya uliosahauliwa

Neno simu lenyewe linatufundisha jinsi maneno ya fani hii yanavyohama. Asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni fedha, madini yale meupe, na pia waya. Waya wa baharini uliotandazwa kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, pamoja na nguzo zake za waya. Kwa watu wa wakati huo simu ilikuwa kwanza habari iliyopelekwa kwa waya. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, inaonyesha neno hilo likibeba maana ya habari ya waya na ya chombo cha kuzungumzia pia. Ilipolazimu kutofautisha, watu walisema simu ya maandishi, simu ya mdomo, na baadaye simu ya upepo kwa mawasiliano yasiyotumia waya.

Msomaji aone ajabu ndogo iliyomo katika msemo huu wa mwisho: waya wa upepo. Hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu asili ya neno ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Katika mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu Tanzania liligawanywa, na mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza kutumika Dar es Salaam. Neno simu likaendelea bila taabu. Huku kwetu ilikuwa simu ya mkononi, nako Kenya wengi walipendelea simu ya rununu. Hakuna mnunuzi aliyedhurika kwa kuwa simu haina waya tena. Kusahauliwa kwa asili ya neno si hasara siku zote.

Hali kadhalika neno mnara. Zamani lilitukumbusha msikiti au taa ya mabaharia. Leo mtu wa Morogoro akisema mnara umezimika, haelekezi macho msikitini. Katika Uluguru neno hili lina uzito wa pekee. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale ambapo hakuna kizuizi, na safu ya milima ni kizuizi kikubwa. Kilele cha Bondwa, kinachoonekana kutoka mjini na chenye milingoti ya mawasiliano, kina urefu unaozidi mita 2,000, na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, kinazidi mita 2,600. Kijiji kilicho upande wa mji kinaweza kupata mawimbi ya kampuni zote, ilhali kingine kilicho nyuma ya mgongo wa mlima, mwendo mfupi tu kwa ndege arukaye, kinapata ya kampuni moja, tena mahali fulani tu penye mwinuko. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu wa huko ni mnara upi unashika shuleni na nyumbani kwake. Bei huja baadaye. Data ya bei nafuu isiyoshika ni ghali kuliko zote.

3. Vocha, salio na muda wa maongezi

Malipo ya kabla yalileta maneno mapya matatu. Vocha lilikopwa kutoka Kiingereza na kutoholewa kwa urahisi. Karatasi yake ilikwanguliwa, na tukapata kukwangua vocha. Salio lilitokana na kitenzi salia, nalo ni neno lililokwisha kutumika katika vitabu vya hesabu. Ni istilahi njema kabisa: linasema kilichobaki, na asiye na elimu kubwa analielewa.

La tatu ni muda wa maongezi. Wakati lilipoanza lilisema kweli, kwani fedha iliyolipwa ilinunua dakika za kuzungumza. Lakini baadaye fedha hiyohiyo ikawa inanunua ujumbe mfupi, kisha data. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mtu ameweza kununua muda wa maongezi bila karatasi, na kuutumia kununulia kitu kisicho muda wala maongezi. Hapa jina limebaki nyuma ya kitu. Mtumiaji wa kishikwambi, ambaye pengine hatapiga simu hata moja, hulazimika kununua maongezi ili apate kusoma. Madhara si makubwa, ila ni dalili ya yanayofuata. Fedha iliyoachwa kama muda wa maongezi, bila kujiunga na kifurushi, huweza kukatwa kwa bei ya juu kuliko ile ya kifurushi, na mwenye chombo hashtuki mpaka imekwisha.

4. Kifurushi na bando

Tunafika kwenye neno kuu. Furushi ni mzigo uliofungwa katika kitambaa, na kifurushi ni udogo wake. Kabla ya data, kifurushi kilikuwa na makao yake posta. Kifurushi cha posta kiliwekwa juu ya mizani mbele ya macho ya mpelekaji, kikatozwa ada kwa uzito wake, na kikafika kizima kwa mwenyewe. Kikichelewa njiani, hakikupungua. Huo ndio ufahamu wa neno ambao wananchi walikuwa nao.

Kampuni za simu zilipoanza kuuza pamoja dakika, ujumbe na data kwa bei moja, Kiswahili cha maandishi kilichukua kifurushi, na Kiswahili cha mazungumzo kikachukua bando, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Leo maneno hayo mawili yanaishi bega kwa bega. Skrini ya simu huandika kifurushi. Kijana aliyepo Msamvu akisubiri basi husema bando limekata. Wako wanaotaka bando likomeshwe. Sisi hatuoni kwamba hilo ndilo jambo la haraka. Bando limekwisha kuingia katika ngeli yake, likapata wingi wake mabando, na halimdanganyi mtu, kwa kuwa halikuwa na maana ya awali katika kichwa cha msikilizaji. Kifurushi, neno letu safi, ndilo lililoleta matarajio ya zamani: kwamba nimenunua mzigo, mzigo ni wangu, na utakuwa wangu mpaka niumalize.

Mgongano wa matarajio hayo na biashara ulionekana wazi mwezi Aprili 2021. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa imetoa kanuni mpya kuhusu vifurushi, ambazo pamoja na mambo mengine zilitaka mteja ajulishwe matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Bei mpya zilipoanza kuonekana tarehe 2 Aprili, wananchi walilalamika kwa sauti moja, na serikali ikazisitisha siku hiyohiyo. Malalamiko mengi yalihusu bei. Lakini lalamiko jingine, ambalo lilikuwapo kabla ya siku hiyo na linaendelea kusikika, linahusu maana: kwa nini kitu nilichokinunua kinanyang'anywa kabla sijakitumia? Mwenye duka atajibu kwamba ameuza ruhusa ya kutumia kiasi fulani katika muda fulani. Huenda ni kweli, lakini neno alilotumia kuuzia halikusema hivyo.

Vivyo hivyo kitenzi kujiunga. Mkulima akijiunga na chama cha ushirika huwa mwanachama, na haki zake hudumu. Akijiunga na kifurushi cha siku, uanachama wake hukoma kesho yake.

5. Kishikwambi na kibao

Chombo chenyewe kimekuwa na majina kadhaa: kompyuta kibao, tabuleti na kishikwambi. Kompyuta kibao lina sifa ya kujieleza, kwani kibao kinajulikana na kila aliyejifunza kuandika juu ya ubao mdogo. Kishikwambi halijielezi. Msikilizaji husikia kiambishi ki- na pengine kitenzi shika, lakini silabi zinazobaki hazimpi msaada. Kwa kanuni tulizozoea kufundisha, neno la kwanza lingeshinda.

Historia ilienda vingine. Kishikwambi lilisikika Bungeni, likaandikwa magazetini, kisha likaingia katika Sensa ya mwaka 2022, ambapo makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na chombo mkononi na jina lake mdomoni. Watu 61,741,120 walihesabiwa. Baada ya hapo vyombo vilikwenda shuleni pamoja na jina. Tukumbuke yaliyoyapata maneno ya kompyuta yenyewe: ngamizi lilipendekezwa na wataalamu, lakini halikupata mbebaji, tarakilishi limepata makao zaidi nchini Kenya, na huku kwetu kompyuta limebaki. Funzo ni kwamba neno husafiri na kitu. Anayekipeleka kitu kwa watu ndiye anayelipeleka neno, naye akiwa ni mfanyabiashara, neno litakuwa la biashara.

6. Maneno ya kiasi na ya muda

Sasa tumfuate mwalimu wetu wa mfano, aliyepangiwa shule upande wa Mgeta, tuone ni maneno gani yatakayomfaa anapochagua.

Kwanza ni data. Katika takwimu neno hili lina maana pana ya taarifa ghafi. Katika mazungumzo limepunguka, hata kuwasha data ni kufungulia njia ya intaneti tu. Kiasi cha data hupimwa kwa baiti: megabaiti elfu moja ni gigabaiti moja, ingawa wengine huhesabu 1,024. Huu ndio kibaba chetu kipya. Lakini kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Tofauti ya herufi moja ni tofauti ya mara nane. Kwa kasi ya megabiti nne kwa sekunde, gigabaiti moja itachukua kiasi cha dakika 33 kushuka. Mtu anayedhani kwamba biti na baiti ni kitu kimoja atatarajia dakika nne. Hatuna budi kuyatofautisha maneno haya darasani na katika tafsiri.

Pili ni hesabu yenyewe. Tuseme mwalimu hutumia megabaiti tano kwa siku kwa barua pepe na taarifa za shule, kwa siku 22 za kazi: megabaiti 110. Akipakua vitabu kumi vya megabaiti kumi kila kimoja, ni 100. Akiwaonyesha wanafunzi masomo manne ya video ya nusu saa kila moja, kwa ubora wa wastani unaokula takriban megabaiti 700 kwa saa, ni 1,400. Programu zikijisasisha zenyewe, tuweke 500. Jumla ni megabaiti 2,110, na thuluthi mbili yake ni video. Mwalimu akiteremka mjini na kuzipakua video hizo mahali penye waifai, mahitaji yake yatashuka hadi 710. Hesabu hii ni rahisi, lakini haiwezekani pale ambapo tangazo linasema tu kifurushi kabambe au kifurushi cha nguvu. Hayo ni majina ya gunia.

Tatu ni muda. Siku katika lugha yetu ina mipaka yake, na kwa hesabu ya jadi huanza jua linapokuchwa. Siku ya kifurushi yaweza kuwa saa 24 tangu kununua, au yaweza kukoma saa sita usiku. Ni wajibu wa anayeandika kusema ipi. Kifurushi cha usiku nacho hutajwa pengine kwa tarakimu za saa za kizungu, na msomaji wa saa za Kiswahili akapotea kwa saa sita nzima. Mwezi wa kifurushi kwa kawaida ni siku 30. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 360, na mnunuzi anayedhani amemaliza mwaka atahitaji kifurushi cha kumi na tatu kwa siku tano zilizobaki.

Nne ni msemo bila kikomo. Kikomo hutokana na koma. Mahali pengi huduma inayoitwa hivyo huwa na kiasi maalumu, ambacho kikipita kasi hupunguzwa sana. Huduma haikomi, ni kweli, lakini matumizi aliyoyakusudia mnunuzi yamekoma. Msemo huu ni lumbesa iliyogeuzwa: safari hii jina ndilo lililoshonewa kipande cha juu, na mzigo ukabaki uleule.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunatoa rai zifuatazo kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali.

(a) Kifurushi na bando yaachwe yote mawili, la kwanza kwa maandishi rasmi na la pili kwa mazungumzo. Nguvu zetu zielekezwe katika yale yanayofuatana nayo.

(b) Kila kifurushi kinapotajwa katika tangazo au maelezo rasmi, zitajwe pamoja nacho kiasi kwa megabaiti au gigabaiti, saa na tarehe ya ukomo, na jambo litakalotokea kwa salio muda ukiisha.

(c) Msemo bila kikomo utumike pale tu ambapo hakuna kikomo. Penginepo iandikwe: kasi hupungua baada ya kiasi kadha.

(d) Muda wa maongezi ubaki kwa mazungumzo. Fedha iliyowekwa kwa matumizi yoyote iitwe salio la fedha.

(e) Biti na baiti vifundishwe shuleni pamoja na vipimo vingine vya hesabu, kama vile tulivyofundishwa gramu na kilo.

Hitimisho

Tumeona kwamba simu ilisahau waya wake na mnara ukasahau bahari, wala hakuna aliyepoteza senti. Tumeona pia kwamba kifurushi hakijasahau posta, na kwa kumbukumbu hiyo wanunuzi wengi wamepata hasara. Kwa hiyo usafi wa neno hautoshi kuwa hukumu yake. Neno la kukopa laweza kuwa aminifu, na neno letu wenyewe laweza kupotosha likiwekwa mahali pasipo pake.

Mkulima wa Mgeta alihitaji miaka mingi ili sheria isimame upande wake na kusema kwamba gunia lipimwe. Mwalimu wa kijiji chake, aliyekaa na kishikwambi mahali pale pa mwinuko panaposhika mawimbi, anahitaji msaada wa namna hiyohiyo, na sehemu yake moja iko mikononi mwetu sisi tunaoandika na kutafsiri. Tumpe maneno yatakayomwezesha kuuliza, kabla hajalipa, ni kiasi gani na mpaka lini.